Uliyokosa Kusikia Siku Nilipovua Koti

Binti yangu mpendwa,

Jina lako sitaliandika hapa, kwa maana barua hii itasomwa mbele za watu. Nitakuita Mwaitu, kama ninavyokuita nyumbani. Wasiojua Kikamba waelewe kwamba Mwaitu ni Mama. Umebeba jina la mama yangu mzazi, na mimi mama yangu siwezi kumwita kwa jina kama ninaitana na konda wa matatu.

Mwalimu Nafula wa shule yako ya zamani alikuja kibandani kwangu hapa Gatina, Kawangware, akavuta kile kiti cha wateja akakaa. Akaniambia, "Baba, njoo uwafundishe watoto wa kilabu cha afya mambo ya ugonjwa wa sukari." Nikamwambia mwalimu, mimi ni fundi cherehani niliyeishia darasa la nane, nikisimama mbele ya darasa ulimi unakauka. Lakini kumwandikia mtoto wangu naweza. Wao wasikilize tu, kama watu wanavyosikiliza jirani akiongea na simu. Akacheka, akakubali.

Nikakupigia kwa simu ya matroni wa bweni lenu kukuomba ruhusa. Ukasema, "Sawa, Baba. Bora tu jina langu lisiwe." Basi. Hukuuliza nitaandika nini, kwa sababu unajua. Tangu ile siku ya wazazi, pale shule yako ya zamani, wewe na mimi tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji wa ploti moja. Umeamkaje, nimeamka poa. Ukafunga sanduku lako ukaenda bweni huko Kitui, na lile jambo likabaki katikati yetu. Siku ile ulitoka mbio kabla sijamaliza kuongea. Mimi nataka nimalize.

Lakini acha nianzie kwa kidole, ndipo hawa watoto wenzako wajue mambo yalitoka wapi.

Unakumbuka ile jioni nilikuwa napindua kola ya shati la mtu, na wewe umekaa chini unaandika kazi ya shule? Ukainua macho ukaniangalia mkono muda mrefu. "Baba, hiyo kidole si ndio ulidungwa na sindano kabla tufungue shule?" Nikasema ndiyo. "Na bado haijapona?" Nikakwambia fundi kudungwa na sindano ni kama mpishi kulia kwa kitunguu. Hukucheka. Ukaanza kunihoji kama polisi wa barabarani. Kwa nini nakunywa maji hivyo. Kwa nini kila mara natoka kwenda choo cha nje na kurudi. Kwa nini nasema macho yanaona ukungu na miwani ni ile ile. Mama yako alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ukisimama ndani ya sufuria. "Hebu ngoja. Huyu mtoto anasema kweli."

Nilikuwa nimeyaona hayo yote, lakini kila moja nikiliona peke yake. Maji nilisema ni jua la Kawangware. Macho nilisema ni umri. Wewe uliyaweka pamoja kwa sababu Mwalimu Nafula alikuwa amewafundisha dalili, na akawapa kazi: kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa nyumbani kwao, amsaidie kula vizuri na kutembeza mwili muhula mzima. Wenzako walichagua wadogo zao. Wewe ukachagua mimi.

Asubuhi yake kliniki wakanitoboa kidole kingine, na yule daktari akaangalia kale kamashine, akaniangalia mimi, akauliza kama nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mshukuru Mungu." Nikamwambia namshukuru, na pia nina binti.

Nilipewa vidonge, na vidonge sijawahi kuviacha hadi leo. Lakini nyumbani dawa nyingine ilikuwa wewe. Ulichukua chaki yangu ya kukatia nguo, ukachora msalaba juu ya sahani yangu. Nusu nzima mboga: sukuma, terere, kunde, chochote cha kijani mama yako alichopata sokoni. Robo ugali. Robo ndengu au maharagwe, na samaki siku ya samaki. Mimi nikaangalia ile robo ya ugali nikauliza, "Huu ni wa mtu au wa kuku?" Ukaniambia, "Baba, huo ndio wako. Ukitaka kuongeza, ongeza huku kwa mboga." Mama yako alijifunika uso na leso asicheke.

Kwetu, mtoto haangalii sahani ya babake. Mtoto hula alichopewa na macho yake huyaweka chini. Nililelewa hivyo. Na bado nakwambia, ile sauti yako, "Baba, huo ndio wako," niliisikia kama sauti ya mwenye jina. Mama yangu alikonda tukimwangalia pale nyumbani Kitui. Alikunywa maji mtungi mzima, akakonda, akaacha kuona, akaenda. Watu wakasema amefanyiwa kitu na jirani, wakamchukia yule jirani hadi leo hii. Hakuna aliyemtoboa kidole. Hakuna aliyejua kwamba kuna kidole cha kutobolewa.

Halafu ikaja kutembea. Kazi yangu ni kukaa. Mguu unaotembea ni ule mmoja wa kukanyaga cherehani, na wenyewe unatembea mahali pamoja. Ukasema Jumapili tusipande gari, twende kanisani kwa miguu. Sisi tulihama Kambi Muru kule Kibera zamani tukaja Gatina, lakini kanisa hatukuhama. Basi tukawa tunatoka mapema, tunapita Riruta wewe ukiwa mbele na viatu vya kanisani mkononi, mimi nyuma nikihema, mama yako akiimba pole pole ili nisisikie aibu ya kuhema. Tunafika Kibera tumejaa vumbi hadi kwa nyusi. Hizo Jumapili, Mwaitu, nikipewa nafasi ya kuchagua kitu kimoja cha kurudishiwa, nitaomba moja ya hizo.

Mwili ukaanza kupungua. Nikawa nakata suruali zangu mwenyewe kiunoni, jioni wateja wakiisha. Kliniki walifurahi. Mtaa haukufurahi. Mzee Ouma, yule fundi viatu wa kando yangu, ndiye alianza, na yeye angalau alianza kwa mdomo wazi.

"Fundi, sasa hata kivuli chako kinahitaji mkanda."

"Ni mazoezi, Ouma."

"Mazoezi ya nini? Unaenda vita? Kwetu ziwani mtu akikonda hivi tunaita watoto wake wote warudi nyumbani."

Tukacheka. Lakini niliona mteja mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha harusi amekichukua akaenda nacho kwa fundi mwingine, akisema hana haraka. Alikuwa na haraka. Aliogopa tu nitakufa na kitambaa chake.

Na kule kanisani wakatuona tumekuja kwa miguu, vumbi hadi kwa nyusi, mimi nimekonda, nguo zimepunguzwa. Wakajumlisha. Jumamosi moja tukasikia wimbo unapanda ngazi za ploti, na hodi, na akina mama wa kanisa wakaingia wote, Mama Kanini mbele. Unajua desturi yetu. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wakaweka mezani sukari, pakiti juu ya pakiti, na mikate, na jemu, na soda za kila rangi.

"Baba, tumesikia," Mama Kanini akasema, amenishika mkono kama unashika mkono wa maiti.

"Mmesikia nini?"

"Usijali. Hatukuja kuuliza. Na kama nauli imekuwa shida, ungesema tu."

Nikawaambia, ndugu zangu, nina ugonjwa wa sukari, na huku kukonda ndiko kupona. Wakaangaliana. Mama Kanini akasema kwa upole, "Ndiyo, Baba. Wengi husema hivyo." Halafu wakaomba. Yalikuwa maombi mazito, Mwaitu, walikemea mauti ikatoka ndani ya nyumba kupitia dirishani, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Sitawahi kuwacheka kwa hilo. Walinipenda kwa kile walichokijua. Lakini walipoondoka, sisi watatu tulibaki tukiangalia ule mlima wa sukari mbele ya mgonjwa wa sukari. Mama yako akaanza kucheka hadi akakaa sakafuni. Wiki nzima ploti yote ilikunywa chai tamu kwa ajili ya ugonjwa wangu.

Mama yako na mimi tulicheka. Wewe hukucheka. Hapo ndipo ningepaswa kuangalia vizuri, lakini mtu anayecheka macho yake hujaa maji.

Ulikaa na yako kimya siku nyingi. Kisha ukaja kibandani umetoka shule, ukasimama nyuma ya cherehani, mahali nisingeweza kukuona uso. Ukasema, "Baba, si ungenenepa tu kidogo."

Niliacha kukanyaga.

"Kidogo tu. Hadi siku ya wazazi ipite. Wanasema uko na ile ugonjwa. Wanasema na mimi niko nayo. Kuna msichana hataki kukalia kiti nimetoka."

Ni wewe uliyenichorea sahani. Ni wewe uliyesema kanisani kwa miguu. Na sasa ulikuwa unaniomba nivirudishe vyote, na sauti yako ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa. Nikakwambia niletee ile bobini ya uzi. Ukaniletea. Tukafunga kibanda tukaenda nyumbani.

Kunenepa sikuweza. Lakini mimi ni fundi. Nilitoa lile koti langu la harusi, nikafungua bitana, nikaweka sponji ya kiti tumboni na mgongoni, na kidogo mabegani ili likae sawa. Nililishona vizuri kuliko koti la mteja yeyote. Mama yako aliniona akasema, "Wewe Baba, Mungu anakuona," nikamwambia ndiyo, na anaona pia kwa nini.

Siku ya wazazi ikafika, jua limetoka lote. Ukatoka nje ukanikuta nimevaa. Uliniangalia juu hadi chini. Hukuuliza kitu. Ulinishika mkono, Mwaitu, tukapita nao Gatina yote hadi lango la shule, na ulikuwa hujanishika mkono barabarani tangu uanze darasa la nne. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwa soksi, na sikuwa nimefurahi hivyo kwa muda mrefu.

Nani angejua kwamba Mwalimu Nafula ameandaa somo la kamba? Kila mwanafunzi akapewa kamba, ampime mzazi wake urefu, akate, aikunje mara mbili, kisha aizungushe kiunoni. Ikifika, mzazi yuko sawa. Isipofika, kiuno kimezidi, apunguze. Somo zuri. Nalisema hata leo, kila mtu aliye na kamba nyumbani ajipime.

Ulinipima urefu. Ukakunja. Ukanyoosha mikono kunizungusha, na hapo vidole vyako vikabonyea. Nilikuona usoni. Ulijua papo hapo. Ukabonyeza tena pole pole, kama unataka kuwa umekosea. Kamba haikufika, pengo la kupitisha mkono mzima. Mtu akasema nyuma, "Huyo amemeza godoro!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye hakujua lolote, akasema kwa upole, "Basi tumwambie baba afanyeje?" Na wewe, uliyefanya kazi yako ya muhula mzima kuliko wote, ulisimama umeshika ile kamba.

Hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Kicheko kingepita. Lakini kazi yako ilikuwa inaonekana bure mbele ya mwalimu wako, kwa sababu ya sponji yangu. Nikavua koti. Nililiweka juu ya dawati, likakaa peke yake wima kama mtu. Wewe ukatoka mbio.

Sasa hapa ndipo hukuwepo. Sikiliza.

Nilitaka kukufuata, nikaona nikikufuata watabaki na lile koti na maneno yao. Nikamwambia mwalimu anizungushie ile kamba upya. Ilifika ikabaki. Nikasema: "Watoto, mimi ni mgonjwa wa sukari. Si siri. Binti yangu ndiye aliyeniona kabla ya daktari, kwa kidole hiki. Nimekonda kwa sababu nakula alivyonichorea na natembea alivyoniambia. Hii sponji niliweka kwa sababu mliambiana nitakufa." Ndivyo nilivyosema, hakuna zaidi. Ulimi ulikuwa umekauka, nilikwambia.

Msichana mmoja akainua mkono. Sikujua ni yupi, baadaye Mwalimu akaniambia: ni yule aliyekataa kukalia kiti chako.

"Kwa hivyo hutakufa?"

"Nitakufa siku Mungu akiniita. Lakini si kwa hii suruali."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nyanyangu amekonda hivyo. Anakunywa maji usiku wote na mguu uko na kidonda. Hatumtoi nje." Akasimama tu. "Sisi humnunulia soda, ndio apate nguvu."

Mwaitu, darasa lote na wazazi wakamgeukia. Nikaelewa kwa nini alikiogopa kiti. Mwenzako alikuwa anaishi chumba kimoja na mtu anayekonda, na hakuna aliyemwambia ni nini, wala kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa kukaa mahali mtu amekaa. Na hata ule ugonjwa mwingine waliokutajia, ukimwi, hauambukizwi kwa kiti. Hilo Mwalimu aliwaambia pale pale, polepole, akarudia. Mimi nikamwambia yule msichana: soda muache leo leo, na kesho asubuhi nyanya apelekwe kliniki, mguu uangaliwe. Akauliza, "Nikiwaambia nyumbani watakubali?" Nikasema, waambie kuna baba ya mtu alikubali.

Walikubali. Mguu ulitibiwa, na nyanya bado anao. Huwa namwona akitoka hadi kwa duka la kona na kurudi, ameshikwa mkono na yule msichana. Siku moja aliniuliza, "Yule binti yako yuko wapi, nimwombee?" Nikamwambia yuko shule. Akasema atakuombea huko huko.

Jioni ya ile siku ya wazazi nilikuwa nakwenda kukwambia haya ya darasani. Nilikupata umelala umegeukia ukuta, na nilijua hujalala. Nikasimama, nikaona aibu yako ni kubwa kuliko habari yangu, nikaondoka. Kesho yake ukawa, "Umeamkaje." Nami nikajibu.

Basi nisikilize sasa. Hukunikosea uliponiomba ninenepe. Mtoto aliyetengwa darasani ataomba hata mlima usogee. Na kama ungeniomba kitu kingine chochote, ningejaribu, nimeshona sponji ndani ya koti la harusi, unajua ninajaribu. Lakini kunenepa sitanenepa, Mwaitu. Nataka kuona. Nataka nikiitwa siku ya kukupeleka mahali, nije kwa miguu yote miwili. Ulinipa miaka hii kwa mkono wako mwenyewe, na siwezi kukurudishia kwa sababu watu wameongea.

Kwa simu ulipomaliza kusema jina lako lisiwe, uliuliza jambo moja tu: "Siku ya kutembelewa, ni Mama ndiye atakuja?" Nikasema tutaona. Nimeona. Mama yako atakuja na mimi nitakuja. Tutashuka stendi, na kutoka hapo hadi shuleni tutatembea, kwa hivyo mtatuona kwa mbali wote mkiwa pale uani, mama yako na kikapu, na mwanamume mwembamba kando yake. Sitavaa koti.

Kama utakuja mbio, njoo. Kama utamkumbatia mama yako kwanza na kukawia kuja kwangu, kawia, mimi sina haraka, siku hizi pumzi ninayo. Na kama wenzako watakuuliza huyu ni nani, na neno likakataa kutoka, sema ni mjomba. Nitaitika.

Bwana akulinde huko uliko, mtoto wangu na mama yangu.

Ni mimi, mtu wako wa kazi ya muhula,
Baba yako